Historia ya Mwanzo ya Watibeti na Ubuddha Wao: Jinsi ya Kujisomea Hatua kwa Hatua

Ikitajwa Tibeti, wengi wetu tunaona watawa wenye mavazi mekundu, vitambaa vya sala vikipepea mlimani, na Dalai Lama. Picha hiyo si ya uongo, ila ni ya juzi. Cheo cha Dalai Lama kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1578. Zaidi ya miaka 900 kabla ya hapo Watibeti walikuwa na dola yenye jeshi la wapanda farasi, lililopigana na China, likashika miji ya jangwani ya Asia ya Kati na kupakana na majeshi ya Waarabu. Dola ilitangulia. Ubuddha uliikuta imesimama.

Nimeona watu wakianza historia hii kwa hamu kisha wakaiacha njiani, kwa sababu kila kitabu kinasema lake. Hiki kinasema dini ilishuka kutoka mbinguni ndani ya sanduku, kile kinasema ililetwa na mabibi harusi wawili, kingine kinasema ililetwa na mwalimu mwenye nguvu za siri aliyewatiisha mashetani. Habari hizo zimeandikwa nyakati tofauti, nyingine miaka 500 baada ya tukio. Ukijua kila moja iliandikwa lini na nani, vurugu inatulia. Hatua zifuatazo zimepangwa ili ufike hapo bila kuhitaji chuo kikuu. Unachohitaji ni daftari, ramani na saa chache kila wiki.

Hatua ya 1: Weka ramani mezani kabla ya kitabu

Tafuta Himalaya, kisha panda kaskazini. Uwanda wa Tibeti uko juu ya bahari kwa wastani wa zaidi ya mita 4,000, na Lhasa yenyewe iko karibu mita 3,650. Tia alama sehemu sita. Ya kwanza ni mto Yarlung Tsangpo, unaotiririka kutoka magharibi kwenda mashariki na kuwa Brahmaputra ukishaingia India. Ya pili ni bonde dogo la Yarlung, kusini mwa mto huo, kitovu cha wafalme. Ya tatu ni Lhasa. Ya nne ni mlima Kailash, mbali magharibi, ambako palikuwa na ufalme wa Zhangzhung. Ya tano ni ziwa Kokonor, kaskazini-mashariki, malisho ya watu walioitwa Azha. Ya sita ni Dunhuang, mji wa ukingoni mwa jangwa, upande wa kaskazini. Huo mji utatuokoa baadaye.

Andika pia majina. Wenyewe huita nchi yao Bö, ambalo kwa maandishi yao huandikwa Bod. Waarabu waliiandika Tubbat.

Kwa njia hiyo ya Waarabu, habari za Tibeti na habari za pwani yetu zimewahi kukutana katika kalamu moja. Al-Mas'udi wa Baghdad, aliyefika Qanbalu katika nchi ya Wazanji na kusafiri kutoka huko kwenda Oman mnamo mwaka 916, ameandika pia juu ya Tibeti. Anasema miski ya huko inaishinda ile ya China, kwa kuwa paa wa Tibeti hula mimea yenye harufu nzuri. Anasema mgeni akiingia nchi ile hucheka na kufurahi asijue kwa nini. Kisha anawapa Watibeti nasaba ya Himyar, wafalme wa kale wa Yemeni. Nasaba hiyo haina ushahidi wowote, lakini inafundisha jambo la kukumbuka katika hatua zote zinazofuata: mwandishi humtafutia mgeni babu ambaye yeye mwandishi anamjua.

Hatua ya 2: Anza kabla ya wafalme

Usikae sana hapa, ila usiruke. Mwaka 1980 mtawa mmoja aliingia kusali katika pango la Baishiya, huko Xiahe, kwenye ukingo wa kaskazini-mashariki wa uwanda, akaokota taya. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba taya lile lina umri wa angalau miaka 160,000, na kwamba ni la Wadenisova, jamii ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka. Watibeti wa leo wanabeba jeni iitwayo EPAS1, inayosaidia mwili kuishi penye hewa nyembamba bila damu kuwa nzito kupita kiasi, na chanzo chake kimefuatiliwa hadi kwa Wadenisova hao. Binadamu kama sisi walikuwa wakichonga mawe mahali paitwapo Nwya Devu, kwenye kimo cha mita 4,600, miaka kati ya 30,000 na 40,000 iliyopita.

Kuzuru mlimani na kuhamia mlimani ni mambo mawili. Kilichowawezesha watu kuishi juu kule mwaka mzima ni chakula. Wakulima wa mwanzo walipanda nafaka za jamii ya uwele, ambazo baridi huziua. Shayiri ilipowafikia kutoka magharibi, kuanzia kama miaka 3,600 iliyopita, vijiji vya wakulima vilipanda na kukaa moja kwa moja juu ya mita 3,000. Mpaka leo unga wa shayiri iliyokaangwa, uitwao tsampa, ndicho chakula chao cha kila siku. Ongeza yaki, yule ng'ombe wa manyoya marefu anayetoa maziwa, nyama, ngozi, mzigo na samadi ya kuwashia moto mahali pasipo na miti, nawe umepata msingi wa taifa zima.

Hatua ya 3: Gawa habari mafungu matatu

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Ukiifanya vizuri, nyingine zitajipanga zenyewe. Chora safu tatu daftarini.

Safu ya kwanza ni maandishi ya wakati ule ule. Humo mna nguzo za mawe zilizochongwa kwa amri ya wafalme katika karne ya 8 na ya 9, kumbukumbu za serikali ya Tang ya China, na juu ya yote, hati za Dunhuang. Hizi zina kisa chake. Mnamo mwanzo wa karne ya 11 watu wa Dunhuang waliziba chumba kidogo kilichojaa hati katika mapango ya Kibuddha nje ya mji. Chumba kilisahaulika. Mwaka 1900 mlinzi wa mapango, Wang Yuanlu, alikikuta nyuma ya ukuta. Aurel Stein alifika mwaka 1907 na Paul Pelliot mwaka 1908, wakanunua hati kwa maelfu kwa bei ya kutupa, na ndiyo maana leo nyingi ziko London na Paris. Kwa kuwa Watibeti waliutawala mji huo tangu miaka ya 780 hadi 848, hati nyingi ni za Kitibeti.

Miongoni mwake mna kumbukumbu ya mwaka kwa mwaka, kuanzia karibu na mwaka 641 hadi 764. Ni maandishi makavu kama daftari la karani: mwaka umeingia, mfalme alikaa mahali fulani kiangazi, baraza liliitishwa na waziri fulani. Chini ya mwaka 654 inasemwa watu waligawanywa mafungu mawili, wa jeshi na wa raia, na hesabu ikaandikwa. Chini ya mwaka 655 inasemwa waziri Gar aliandika maandishi ya sheria mahali paitwapo Gorti. Basi, hakuna zaidi. Lakini ndani ya mistari hiyo miwili unaiona dola ikizaliwa: wanahesabu watu, wanajua nani atapigana na nani atalima, na wana hati ya kuandikia sheria.

Safu ya pili ni vitabu vya historia vilivyoandikwa na wanazuoni wa Kibuddha kuanzia karne ya 11 na kuendelea. Ni vitamu, vina mazungumzo na miujiza, na vimelea vizazi na vizazi. Safu ya tatu ni historia za wafuasi wa Bon, dini inayojihesabu kuwa ya kabla ya Ubuddha. Nazo zimeandikwa baadaye, na zina machungu ya upande ulioshindwa.

Kila utakaposoma habari, jiulize iingie safu gani. Hati za Dunhuang zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti na Mradi wa Kimataifa wa Dunhuang, na yeyote anaweza kuzitazama bure. Itafute ile yenye visa vya wafalme, namba Pelliot tibétain 1287. Hata kama husomi Kitibeti, tazama wino ulivyokaa kwenye karatasi. Utasoma tafsiri kwa macho mengine.

Hatua ya 4: Jifunze kugeuza miaka

Watibeti wa kale hawakuandika mwaka 650. Waliandika mwaka wa Mbwa. Mzunguko una wanyama 12, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua mwaka wa Kizungu, gawanya kwa 12, tazama kinachobaki. Ikibaki 4 ni Panya, 5 Ng'ombe, 6 Chui-milia, 7 Sungura, 8 Joka, 9 Nyoka, 10 Farasi, 11 Kondoo, 0 Nyani, 1 Kuku, 2 Mbwa, 3 Nguruwe. Kumbuka tu kwamba mwaka wao huanza mwezi wa pili hivi, kwa hiyo Januari bado ni ya mwaka uliopita.

Jaribu: 650 gawanya kwa 12 ni 54, inabaki 2. Mbwa. Jaribu 821: inabaki 5. Ng'ombe. Sasa jaribu kinyume. Masimulizi yanasema mfalme Songtsen Gampo alizaliwa mwaka wa Ng'ombe. Upi? Inaweza kuwa 593, 605 au 617, zote zinabakiza 5. Ndiyo sababu vitabu vinatofautiana kwa miaka 12 au 24 kuhusu tukio lile lile, wala si uzembe wa mwandishi. Ukikuta tofauti ya namna hiyo, usihangaike kumtafuta mwongo. Tafuta tukio lingine lililoandikwa na Wachina kwa tarehe kamili, ulifungie hilo la Kitibeti hapo.

Hatua ya 5: Zisikilize hekaya, ila ziulize swali

Watibeti husimulia kwamba wametokana na tumbili mtulivu aliyekuwa akitafakari pangoni, na jitu-jike la majabali lililomtaka ndoa. Watoto waliozaliwa walirithi upole kwa baba na ukali kwa mama. Mji wa Tsetang, kwenye mdomo wa bonde la Yarlung, unasemwa kuwa umepewa jina lake kwa sababu watoto hao walichezea pale. Katika masimulizi ya Kibuddha tumbili huyo amekuwa mjumbe wa Avalokiteshvara, bodhisatva (mtakatifu wa Kibuddha anayewasaidia wengine waamke) wa huruma. Unaona jinsi kisa cha mlimani kilivyovishwa vazi la kitawa.

Kisa cha wafalme kina uzito zaidi, na hiki kimo katika hati za Dunhuang zenyewe. Mfalme wa kwanza, Nyatri Tsenpo, alishuka kutoka mbinguni juu ya mlima. Wafalme wa mwanzo waliunganishwa na mbingu kwa kamba, na mtoto alipokua na kuweza kupanda farasi, baba alirudi juu kwa kamba hiyo. Hawakuacha maiti. Kisha akaja Drigum Tsenpo, mwenye hasira na majivuno, akamlazimisha mtumishi wake Longam kupigana naye. Longam aliomba ng'ombe mia, wafungwe ncha za dhahabu kwenye pembe na kubebeshwa magunia ya majivu. Ng'ombe walipigana, magunia yakapasuka, majivu yakatanda, na ndani ya giza lile mfalme, ambaye kamba yake ilikuwa imekatwa, akauawa. Maiti yake ilitiwa ndani ya chombo cha shaba na kutupwa mtoni. Wanawe walipoipata waliijengea kaburi la kwanza.

Swali la kuuliza hekaya si kama ilitokea. Uliza inaeleza nini kilichokuwa kikionekana kwa macho. Nenda Chongye, karibu na Yarlung, utakuta vilima vya udongo vilivyojengwa kwa mikono: makaburi ya wafalme. Kisa kinaeleza kwa nini watu wa nasaba ya mbinguni wanazikwa ardhini. Kinaonyesha pia dini iliyokuwapo kabla ya Ubuddha, dini ya mazishi makubwa, ya farasi na kondoo waliochinjwa ili wamsindikize marehemu, na ya wataalamu wa ibada walioitwa bon na shen. Wengi huiita hiyo moja kwa moja dini ya Bon. Mimi naona tuwe na subira. Bon yenye vitabu, watawa na mafundisho yaliyopangwa ilijengeka kuanzia karne ya 10 na ya 11, sambamba na Ubuddha, ingawa imebeba vitu vya kale kweli.

Hatua ya 6: Fuata dola, mfalme kwa mfalme

Orodha ya wafalme wa hekaya ni ndefu. Wewe anza na wale wanaogusa safu ya kwanza.

Namri Songtsen alizifunga koo za kati kwa viapo, akapewa sumu karibu na mwaka 618. Mwanawe Songtsen Gampo alirithi akiwa bado kijana, akawaadhibu waliomuua baba yake, kisha akageukia Zhangzhung. Hapa hati za Dunhuang zina ukurasa ambao nimeurudia mara nyingi. Dada yake mfalme, Semarkar, aliozwa kwa mfalme wa Zhangzhung, Ligmyirhya, na ndoa haikuwa na furaha. Mjumbe wa kaka yake alipokwenda kumjulia hali, Semarkar hakusema neno la vita. Aliimba nyimbo za samaki na nyama na za ngome iliyokaa vibaya, kisha akatoa kifurushi kilichotiwa lakiri. Kaka alipofungua alikuta feruzi za kale na kofia ya kike. Akaelewa: ukiweza kumshambulia Ligmyirhya, vaa feruzi hizi shingoni, usipoweza, vaa kofia. Zhangzhung ikaanguka. Hakuna mtawa wala sala katika ukurasa ule, na huyo ndiye Songtsen Gampo wa nyaraka za kale.

Alipokufa, mwaka 649 au 650, nguvu zilishikwa na waziri Gar Tongtsen, na baada yake wanawe. Mwaka 663 waliwameza Azha. Mwaka 670 waliivunja China katika vita vya Dafeichuan na kushika ngome nne za bonde la Tarim, katika jangwa la Asia ya Kati, ambazo Tang waliziokoa mwaka 692. Mfalme Tridu Songtsen aliuvunja ukoo wa Gar mwaka 698, akafa vitani mwaka 704. Aliyefuata, Tri Detsuktsen, aliuawa mwaka 755 na mawaziri wake. Na mwaka 763, chini ya kijana Trisong Detsen, jeshi la Tibeti liliingia Chang'an, mji mkuu wa Tang, likakaa siku 15 na kumweka mfalme wake.

Chini ya ngome ya Potala, Lhasa, ipo nguzo ya mawe iitwayo ya Zhol, iliyosimikwa karibu na mwaka 764. Imeandikwa kwa heshima ya jenerali Ngenlam Taktra Lukhong. Inasema aliwafichua waliomuua mfalme wa zamani, inataja ushauri wake wa kuipiga China, kisha inaorodhesha haki za ukoo wake. Ni maandishi marefu ya kale ya Kitibeti, na kinachozungumzwa ndani yake ni uaminifu, vita na urithi.

Hatua ya 7: Sasa ingiza Ubuddha, taratibu

Chukua safu ya pili na uilinganishe na ya kwanza, jambo kwa jambo. Nitakuonyesha matatu.

La kwanza ni sanduku. Masimulizi yanasema zamani za mfalme Lha Thothori Nyentsen vitabu vya dini vilishuka kutoka angani juu ya paa la ngome yake. Lakini mwanazuoni wa karne ya 13, Nelpa Pandita, ambaye ni wa safu hiyo hiyo ya pili, anasema vililetwa na watu kutoka nje, na habari ya kushuka angani ilisemwa kwa sababu wafuasi wa Bon walipenda vitu vya mbinguni. Kwa hiyo usidhani watawa wote walimeza kila kitu. Walikuwamo wakosoaji wakali.

La pili ni mabibi harusi. Vitabu vya baadaye vinasema Songtsen Gampo alioa Bhrikuti wa Nepali na Wencheng wa China, kila mmoja akaja na sanamu ya Buddha, yakajengwa mahekalu ya Jokhang na Ramoche. Wencheng ni mtu wa kweli. Aliwasili mwaka 641, akaishi Tibeti karibu miaka 40, na kumbukumbu inataja mazishi yake mwaka 683. Haitaji sanamu. Bhrikuti hatajwi kabisa, ingawa kumbukumbu hiyo inasema Watibeti ndio waliomweka Narendradeva kwenye kiti cha Nepali. Thonmi Sambhota, anayesifiwa kwa kuunda hati ya Kitibeti kwa mfano wa India, naye hayumo. Hati yenyewe ipo, na ilikuwa ikitumika mwaka 655. Anayekosekana ni mtu, si kazi.

La tatu, na ndilo zito, ni uamuzi wa Trisong Detsen. Huyu ndiye aliyeufanya Ubuddha kuwa dini ya serikali, na sababu zake tunazo kwa maneno yake. Nguzo ya Samye, nyumba ya watawa aliyoijenga, bado imesimama na kiapo chake. Maelezo marefu zaidi yalinakiliwa na Pawo Tsuklak Trengwa katika karne ya 16, na wataalamu wengi wanayakubali kuwa nakala ya kweli. Mfalme anasema baada ya kifo cha baba yake ilitungwa sheria ya kuiharibu dini ya Buddha. Alipofika miaka 20 pakawa na ishara mbaya, na ibada zilizofanywa hazikusaidia. Sheria ikafutwa, akaanza kujifunza, akaita watawala wadogo na wakuu wa mikoa, wakajadili, wakala kiapo. Soma hapo polepole. Utamwona mtawala mwenye dola iliyotapakaa, yenye Wachina, Wakhotan na Waazha ndani yake, akitafuta dini ambayo majirani wake wote wakubwa wanaiheshimu.

Samye ilijengwa kati ya 775, mwaka wa Sungura, na 779, mwaka wa Kondoo (hakikisha kwa hesabu yako), kwa umbo la ulimwengu wa Kibuddha: hekalu katikati kama mlima Meru, mabara pande nne. Shantarakshita wa India aliwapa Watibeti saba wa kwanza utawa, ili ijulikane kama wataweza kuutunza. Padmasambhava, anayeitwa leo Guru Rinpoche na kuheshimiwa kama Buddha wa pili, yumo kidogo sana katika hati za kale, kama mwalimu wa tantra, yaani ibada za siri za Kibuddha. Maisha yake marefu yenye fahari tunayasoma kuanzia karne ya 12, kwa Nyangrel Nyima Özer. Kwa muumini hilo halipunguzi kitu. Kwa msomaji wa historia ni tarehe ya kuandika daftarini.

Hatua ya 8: Kaa na watafsiri

Watu hupita hapa haraka, na mimi naomba usipite. Anayetumia lugha yenye kuazima na kutafsiri kila siku ataona ukubwa wa kazi hii. Wafalme waliamuru maandiko ya Kisanskriti yatafsiriwe kwa kanuni moja, na karibu na mwaka 814, chini ya Tride Songtsen, orodha rasmi ya maneno ilikamilishwa. Ina maneno zaidi ya 9,000. Hawakupenda kuazima sauti tupu. Neno Buddha waliligeuza kuwa sanggye: sang ni aliyeamka au aliyetakasika, gye ni aliyechanua. Arhat, yaani mtakatifu aliyefikia ukombozi, wakamwita mshinda-adui. Ukiwa na maandishi mawili ya Kitibeti, lile lenye maneno tofauti na orodha hiyo mara nyingi ndilo la zamani zaidi.

Dunhuang palikuwa na makarani, Wachina wengi wao, waliokodiwa kunakili sutra (maandiko ya mafundisho ya Buddha) kwa maelfu kwa ajili ya mfalme Tritsuk Detsen. Hati zinaonyesha karatasi zilihesabiwa, na aliyezipoteza alichapwa viboko. Pembezoni wengine walijaribu kalamu au kuandika majina yao. Ukitazama picha za hati hizo kwenye intaneti, tafuta pembezoni.

Hatua ya 9: Soma mkataba, kisha anguko

Mwaka 821 na 822 Tibeti na China ziliapa amani, na mwaka 823 nguzo ilisimikwa mbele ya Jokhang, kwa Kitibeti na Kichina. Inasema Watibeti watafurahi katika nchi ya Watibeti na Wachina watafurahi katika nchi ya Wachina. Vito Vitatu vya Ubuddha (Buddha, mafundisho yake na jamii ya watawa) vinaitwa mashahidi, pamoja na jua, mwezi na nyota, na wanyama wanachinjwa kwa kiapo. Dini ya zamani na mpya juu ya jiwe moja, zaidi ya miaka 40 baada ya Samye.

Dola ilivunjika baada ya mwaka 842. Safu ya pili inasema mfalme Langdarma aliutesa Ubuddha mpaka mtawa Lhalung Pelgyi Dorje akamuua kwa mshale uliofichwa ndani ya mkono wa joho, kisha akatoroka juu ya farasi mweupe aliyepakwa masizi, akamwogesha mtoni na kuligeuza joho lake ili asitambulike. Katika safu ya kwanza ipo dua ya Kibuddha kutoka Dunhuang inayomtaja mfalme huyo kwa heshima. Huenda alikata tu ruzuku za watawa, hazina ikiwa tupu. Baada yake koo ziligawana nchi, na makaburi ya wafalme yakafukuliwa. Dini ilibaki kwa watu wa kawaida na kwa watawa wachache waliokimbilia mashariki, ikarudi kwa nguvu katika karne ya 10 na ya 11: Rinchen Zangpo, aliyezaliwa mwaka 958, akitafsiri huko Guge, magharibi mwa Tibeti, na Atisha wa Bengali akiwasili mwaka 1042. Shule kadhaa za Tibeti unazozisikia leo zinaanzia hapo, kwa mfano Sakya, iliyojengewa nyumba yake mwaka 1073.

Zoezi la kufungia daftari

Chukua mjadala wa Samye, wa kati ya 792 na 794. Kamalashila wa India alifundisha kwamba mtu huamka hatua kwa hatua, kwa kusoma, kutenda mema na kutafakari. Moheyan wa China alifundisha kuacha fikra zote na kuamka mara moja. Vitabu vya Kitibeti vinasema Kamalashila alishinda na Moheyan akafukuzwa. Andika hilo safu ya pili. Kisha tafuta hati ya Kichina kutoka Dunhuang, iliyoandikwa na Wang Xi wakati ule ule. Yeye anasema mfalme alitoa ruhusa mafundisho ya Moheyan yafuatwe. Andika hilo safu ya kwanza, na kando yake andika kwamba Wang Xi alikuwa mtu wa upande wa Moheyan. Halafu rudi kwenye hati za Kitibeti za Dunhuang uone ni maandiko mangapi ya shule ya kuamka mara moja yaliyoendelea kunakiliwa huko baada ya mjadala. Yako mengi.